Jiko la Kuota Moto

Siku Eliakim Wepukhulu alipokufa, jiko lake dogo lilikuwa bado lina moto. Alikuwa ametoka kidogo kwenda kununua uzi wa tambi, akamwambia mkewe Sellah asiiache nta ichemke. Sellah alikuwa jikoni, upande wa pili wa ua, akiangalia sufuria ya nta iliyokaa ndani ya sufuria kubwa ya maji. Nta ilipoyeyuka ikawa safi kama maji, aliinyanyua kwa vitambaa, akavuka ua na kuingia katika chumba cha kazi. Kigoda kilikuwa kitupu. Jiko lilikuwa linawaka pembeni yake. Akaweka sufuria chini, akangoja.

Waliokuja kumwita walikuwa wanawake waliotoka kusaga mahindi. Walimkuta amesimama mlangoni, amekasirika kidogo kwa sababu nta ilikuwa imeanza kushika ngozi juu.

"Mama Nasambu, kuja," mmoja wao alisema. "Kuja tu hivyo. Usitafute viatu."

Eliakim alikuwa ameanguka karibu na mashine ya kusaga, uzi ukiwa bado mkononi. Daktari alisema ni moyo. Jioni watu walipojaa uani pale Kibomet, kando ya mji wa Kitale, nta ilikuwa imeganda ndani ya sufuria, nyeupe na ngumu, na hakuna aliyekumbuka kuitoa.

Kesho yake mama yake Eliakim, Lenah, alifika kutoka Chwele. Hakulia mbele ya watu. Alikuwa mtu wa kanisa la Friends, na Friends huanza sala kwa kunyamaza. Aliingia chumba cha kazi, akakitazama kigoda, akalitazama jiko. Alilibeba akamwaga majivu nje, akalirudisha, akaligeuza juu chini pale pale lilipokuwa.

"Hapa ndipo alikuwa anaota moto," alisema. "Sasa asiitwe na moto tena. Hiki chumba kisiwashwe kitu mpaka siku ya kugawa vitu vyake. Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, mayi," Sellah alimwitikia mama mkwe wake.

Walimzika Chwele, nyuma ya nyumba ya baba yake, mvua ikinyesha. Wafiwa waliponyolewa na wageni kuondoka, familia ilikaa kuzungumza. Mdogo wa Eliakim, Khaemba, ambaye alikuwa na kibanda cha misumari na rangi mjini Bungoma, ndiye aliyelitaja jambo la mabomba.

Yalikuwa mabomba ya chuma ambayo Eliakim alikuwa amempa fundi ayapasue katikati kwa urefu. Nusu mbili zilifungwa pamoja kwa ukanda wa tyubu, utambi ukapitishwa katikati, bomba likasimamishwa ndani ya sanduku la mchanga, kisha nta ikamiminwa. Baada ya nta kuganda, ukanda ulifunguliwa na mshumaa ukatoka. Kazi hiyo ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba ya Kibomet na kumweka Nasambu, binti yao wa pekee, katika shule ya sekondari.

"Mulamwa, usinielewe vibaya," Khaemba alimwambia shemeji yake Sellah. "Mimi sikufukuzi. Lakini hivyo ni vyombo vya mwanamume. Vikikaa tu vitashika kutu. Mimi kule Bungoma naweza kuvifanyisha kazi."

"Mimi nimeishi na hiyo kazi tangu Nasambu akiwa mgongoni," Sellah alisema.

"Kuchemsha nta, ndiyo. Lakini kumimina ni nani alikuwa anamimina?"

Ilikuwa kweli. Watu wakamgeukia Lenah. Mama mzee alifuta goti lake kwa kiganja mara kadhaa kabla ya kusema.

"Tutagawa vitu mwezi wa nane, shule zikifunga. Kama Sellah anaiweza hii kazi, mabomba yakae Kibomet. Kama haiwezi, yaende Bungoma, na yeye na mtoto warudi hapa nyumbani. Mimi nitaangalia mishumaa yenyewe. Sitaangalia machozi."

Hakuna aliyeona kwamba maneno hayo ni makali. Sellah mwenyewe aliona ni ya haki.

*

Mwezi wa saba Kitale ina baridi ambayo watu wa nyanda za chini hawaijui. Ukungu hushuka kutoka mlima Elgon asubuhi na kukaa juu ya mahindi mpaka watoto wa shule wanapotoka kucheza, na nguo iliyofuliwa leo huvaliwa kesho kutwa ikiwa bado na unyevu. Katika majira hayo Sellah alianza kumimina.

Alifanya kila kitu kama alivyomwona Eliakim akifanya. Alichovya tambi kwanza katika nta ya moto mpaka zikaacha kutoa povu, akazinyoosha, akazikausha. Alilisogeza sanduku la mchanga mpaka dirishani, mbali na lile jiko lililofunikwa, ili apate mwanga na ili asiligonge kwa mguu. Aliliinamisha kila bomba kidogo na kuimimina nta polepole ipite ubavuni, kama mtu anayemimina maziwa bila kutaka yafanye povu. Alipiga mabomba kwa mpini wa kijiko ili hewa ipande. Nta ilipoanza kushika, alitoboa kandokando ya utambi kwa spoki ya baiskeli, akajaza tena penye shimo.

Kesho yake alifungua ukanda wa kwanza na mshumaa ukatoka na matundu ubavuni, madogo mengi, kama mti ulioliwa na dudu. Wa pili ulikuwa vilevile. Wa tatu ulikuwa na viputo vilivyojipanga kuanzia chini hadi juu, na Nasambu alipoukata kwa kisu, ndani mlikuwa na pango.

"Labda nta haikuwa moto," Nasambu alisema. Alikuwa nyumbani kwa sababu ya karo, ingawa wote wawili walikuwa wakisema ni kwa sababu ya matanga.

Wakaiyeyusha upya. Safari hii Sellah aliiacha ipate moto zaidi, na mishumaa ikatoka imebonyea katikati, na viputo viko pale pale. Akajaribu nta isiyo moto sana, nayo ikaganda kwa mikunjo kama shingo ya mzee. Kila mara alivuka ua na sufuria, mvuke wake ukipeperushwa na upepo, na kila mara aliingia katika chumba ambacho sakafu yake ilikuwa baridi kama ya kanisa siku za kazi.

Mwishowe akachagua mishumaa iliyokuwa na afadhali, akaifunga kwa gazeti, akaipakia kwenye baiskeli ya Eliakim na kuisukuma mpaka Endebess.

*

Kemboi, mwenye duka la Endebess, alikuwa amenunua mishumaa ya Eliakim kwa miaka mingi. Alimkaribisha Sellah vizuri, akampa pole, akamwagiza msichana amletee chai. Kisha akachukua mshumaa mmoja, akaugeuza mkononi, akawasha kiberiti.

Dukani mlikuwa na watu waliokuja kununua chumvi na betri. Mshumaa uliwaka vizuri mwanzoni. Kisha moto ukafika kwenye tundu la kwanza, ukaruka, ukatema tone la nta juu ya kaunta. Ukatulia. Ukatema tena. Halafu ukazama ndani ya shimo na kuzimika, ukitoa moshi.

"Huo mshumaa uko na kifua," mzee mmoja aliyevaa koti la mvua alisema. "Peleka yeye zahanati."

Watu walicheka, si kwa ubaya. Msichana aliyeleta chai naye alicheka, akaziba mdomo. Kemboi aliuwasha tena, ukazimika tena. Akaifuta kaunta kwa kidole gumba.

"Mama, nipatie ile ya mzee."

"Mzee hayuko, Kemboi."

"Hiyo najua, na pole sana. Lakini hawa wateja yangu hawanunui pole. Stima ikipotea hapa, mtu anawashia mtoto asome. Ikitema nta kwa kitabu atarudisha kwangu, harudishi kwako." Akausogeza mzigo upande wa Sellah, polepole, kwa heshima. "Jaribu tena. Ikishindikana, kuna mtu ananiletea za kiwanda. Maliza chai kwanza."

Sellah aliimaliza chai. Ilikuwa tamu, na alijilazimisha kuinywa yote, kwa sababu kuiacha kungekuwa kama kuonyesha hasira. Kisha akapakia mzigo wake na kuisukuma baiskeli kurudi Kibomet. Njiani hakupanda hata penye mteremko.

*

Khaemba alikuja siku chache baadaye bila kutangaza, amevaa koti zito na bado anatetemeka. Alikuta mishumaa yenye matundu imepangwa dirishani. Alichukua mmoja, akautazama, akaurudisha mahali pake bila kusema kitu, na Sellah alimshukuru kimoyomoyo kwa kunyamaza huko.

"Nimepita tu kuwaona," alisema akikaa. Nasambu alimletea uji. "Hii baridi yenu, bana! Mnaishije huku? Bungoma saa hizi mtu yuko na shati tu."

"Tumezoea," Sellah alisema.

"Mulamwa, mimi nitakwambia ukweli. Si wewe umeshindwa. Hii kazi hata mtoto angeweza huko kwetu chini. Ni hapa mahali. Niachie haya mabomba, kila mwezi nitakuwa nawatumia kitu kidogo Chwele."

"Eliakim alimimina hapa hapa, mwezi wa saba kama huu."

"Eliakim alikuwa Eliakim," Khaemba alisema, akaukoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa. Machozi yalikuwa yakimlengalenga. "Wewe unafikiri mimi napenda kuja hapa kuhesabu vyombo vya ndugu yangu?"

Sellah alimwamini. Hilo ndilo lililofanya jambo lenyewe kuwa gumu. Angekuwa mtu mbaya, angejua namna ya kumkataa. Alimsindikiza mpaka barabarani, na wakati wa kurudi alianza kufikiri ni vitu gani vitabebwa kwenda Chwele na vipi vitaachwa.

*

Ni uvivu wa Nasambu uliofungua njia. Bomba moja lilikuwa limeshika masizi, na mama yake akamwambia alioshe na kulikausha kwa kitambaa, kwa maana maji yakibaki ndani ya bomba nta haikai. Nasambu aliliosha, lakini hakutafuta kitambaa. Aliziegemeza zile nusu mbili kwenye jiwe la meko, akaendelea na kusuka nywele zake. Nta ilipokuwa tayari ndipo alipokumbuka, akazifunga haraka akipuliza vidole, akakimbia nalo na kulichomeka mchangani pamoja na mengine.

Kesho yake mishumaa yote ilitoka na matundu isipokuwa mmoja. Huo mmoja ulitoka laini, unang'aa, kama yai lililomenywa.

Sellah aliupitisha kidole kutoka juu mpaka chini. "Huu umetoka bomba gani?"

"Lile niliosha," Nasambu alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Sikulipangusa, mama. Nililiweka kwa moto."

Sellah alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alilitazama jiko dogo la bati, lililolala kifudifudi karibu na kigoda, na mahali palipokuwa na alama ya sanduku la mchanga sakafuni kabla hajalihamisha. Alama ile ilikuwa imeligusa jiko kabisa. Katika miaka yote hiyo, alipoingia na sufuria, alimkuta mumewe ameketi hapo, jiko liko katikati ya miguu yake na sanduku, mabomba yamesimama upande wa moto. Alikuwa akimwambia kila mara: "Baba Nasambu, unaota moto kama babu. Haya makaa tutayala?" Naye alikuwa akijibu, bila kuinua kichwa, "Si mimi ninayeota." Alidhani ni utani wa mtu anayetetea makaa yake. Mwezi wa pili, jua likiwa kali, hakuliwasha, na hilo lilimhakikishia Sellah kwamba mumewe alikuwa tu mtu wa baridi.

"Mama?" Nasambu alisema. "Mama, unalia?"

"Hapana," Sellah alisema. "Leta hilo bomba."

Mabomba yalikuwa mengi na yangepoa yakivushwa ua, basi walijaribu kumimina jikoni, mabomba yakizunguka mafiga matatu. Yalipata joto, na viputo vikatoweka. Lakini kuni za mwezi wa saba zilikuwa mbichi, moshi ukajaa, na mishumaa ikatoka laini na ya kijivu, ina chembe za majivu ndani yake. Tone moja la nta lilianguka motoni likawaka mpaka karibu na nyasi za paa. Sellah akasema basi, wasije wakachoma jiko la watu.

Jirani yao Jepkosgei, aliyekuwa akiuza maziwa nyumba kwa nyumba, alisimama mlangoni na debe lake na kusikiliza habari yote.

"Na si hiyo jiko iko hapo? Geuza, washa."

"Mama mkwe alilifunika."

"Mama mkwe iko Chwele. Atanusa moshi kutoka Chwele?"

"Atakuja mwezi wa nane kuangalia mishumaa. Akiniuliza imetokaje safi, nitamwambia nini?"

"Mwambie ni Mungu."

"Jepkosgei, yule ni Friends. Ukimtajia Mungu atanyamaza akingoja umalize ukweli."

Jepkosgei alicheka mpaka maziwa yakatikisika. "Basi nenda umwambie sasa. Kwani atakukula? Nasambu nitaangalia mimi."

*

Lenah alikuwa mfinyanzi. Siku za soko la Chwele alipanga vyungu vyake chini, mbali kidogo na ng'ombe, na hakumwita mteja hata mmoja. Sellah alimkuta hapo, akamsalimia, akakaa kando yake juu ya gunia. Mwanamke mmoja alikuja akagonga chungu kwa kucha, akasikiliza mlio, akakinunua.

"Umekuja na kitu," Lenah alisema hatimaye.

Sellah alifungua leso akatoa mishumaa miwili, ule wenye matundu na ule laini. Mama mzee aliuvunja ule wenye matundu kwa vidole vyake vikavu, akatazama ndani, akasukuma ukucha ndani ya pango.

"Hewa," alisema. "Chungu kikiwa hivi kinapasukia kwa moto. Uliimimina kwa kitu cha baridi."

"Ndiyo, mayi. Mabomba yalikuwa baridi. Chumba chote ni baridi." Sellah aliitazama mikono yake. "Lile jiko, mayi. Halikuwa la kuota. Alikuwa anawasha kwa ajili ya mabomba."

Lenah aliugeuza ule mshumaa laini mkononi. Ng'ombe mmoja alivuta kamba na watu wakamkemea.

"Nani alikwambia?"

"Yeye mwenyewe, mara nyingi. Mimi ndio sikusikia. Nilikuwa nadhani ananitania. Nimemgombeza kwa sababu ya makaa mpaka wiki ile aliyokufa."

"Mimi pia nilidhani anaota," Lenah alisema. Aliuweka mshumaa uliovunjika mapajani. "Nilimzaa mwezi wa saba, mvua ya mawe imenyesha. Alikuwa mtoto wa baridi. Alikuwa analala kwa tumbo langu hadi mdogo wake akazaliwa. Nilipoingia pale nikaona lile jiko karibu na kiti, moyo wangu ukasema, mtoto wangu mpaka anazeeka bado anasikia baridi. Kwa hivyo nikalifunika. Mama wa baba yake alifanya hivyo kwa jiko la mzee wake, na mimi nikafanya."

Akavikusanya vile vipande vya mshumaa. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayetaja bei.

"Jiko la kuota linafunikwa. Jiko la kazi ni kama jembe. Nani anafunika jembe watu wakalala njaa? Nilikosea kitu. Nitakuja mimi mwenyewe nilifunue. Wewe usiliguse kabla yangu."

"Na Khaemba? Atasema kama ni la kazi, basi liingie kwa vyombo vya kugawa."

"Acha aseme. Siku ya kugawa bado haijafika. Mwanangu, nisaidie na hivi vyungu, jua linaenda."

*

Lenah alikuja Kibomet na kikapu chake na shuka mbili mabegani. Alikataa chai. Aliingia chumba cha kazi, akapiga magoti karibu na jiko, akaweka kiganja juu ya kitako cha jiko. Nasambu na mama yake walisimama mlangoni. Kwa kuwa hakuomba kwa sauti, hawakujua alichosema, wala kama alisema lolote. Kisha akalinyanyua, akalisimamisha kwa miguu yake, akalipiga kofi moja kama anayemwamsha mtoto.

"Makaa," alisema.

Sellah alilirudisha sanduku la mchanga kwenye alama yake ya zamani. Mabomba yalipangwa upande wa moto, Lenah akiyageuza mwenyewe kila baada ya muda na kuyajaribu kwa shavu lake. "Bado," alisema. "Bado. Hili, sawa." Mchanga nao ukapata joto. Sellah akavuka ua na sufuria, akaingia katika chumba chenye joto, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi hakusikia ule ubaridi ukipanda kutoka sakafuni. Akaliinamisha bomba la kwanza. Nta iliteremka kimya. Alipogonga kwa mpini wa kijiko, viputo vichache vilipanda juu, vikapasuka, vikaisha.

Walipomaliza walifunika sanduku lote kwa gunia ili lipoe polepole. Lenah alikaa kwenye kigoda cha mwanawe, shuka zake zikiwa zimefunguka, miguu imenyooshwa kuelekea kwenye jiko.

"Kukhu," Nasambu alisema, "wewe unaota moto."

"Nyamaza," bibi yake alisema. "Mimi nachunga mishumaa."

*

Kemboi aliwasha mshumaa mmoja pale dukani. Mteja akaja kutaka sukari, mwingine akaja kutaka dawa ya ng'ombe, na Kemboi akawahudumia, akarudi, akakuta mwali umesimama wima. Mzee mwenye koti la mvua alikuwapo.

"Imepona," alisema.

"Lete Alhamisi," Kemboi alimwambia Sellah.

Mwezi wa nane watu wa Chwele na Bungoma walijaa katika nyumba ya Kibomet. Vitu vya Eliakim vilitolewa nje na kuwekwa juu ya mkeka: makoti, viatu, redio, panga, baiskeli, na mabomba yaliyofungwa pamoja kwa tyubu. Jiko lilibaki ndani, kwa sababu lilikuwa linawaka.

Khaemba alikuwa amejiandaa. "Mayi, kama lile jiko ni la kazi, na mabomba ni ya kazi, basi yote ni kitu kimoja, na ni vya mwanamume. Mimi sisemi kwa ubaya. Nasema vile desturi iko."

"Washa mshumaa," Lenah alisema.

Sellah aliuwasha, akausimamisha juu ya kifuniko cha kopo katikati ya wazee. Ulikuwa mchana, ukungu umefunga, na watu waliutazama kana kwamba hawajawahi kuona mshumaa. Mjomba mmoja alinong'ona ati Friends wamekuwa Wakatoliki, na mkewe akamfinya. Mshumaa ulishuka taratibu, bila kutema, na kila ulipofika mahali ambapo tundu lingeweza kuwa, Sellah alizuia pumzi. Khaemba aliangalia mpaka ukafika nusu. Kisha aliinama akaupuliza.

"Usimalizike bure," alisema. "Ni wa kuuza." Akamgeukia mama yake. "Mabomba yakae. Lakini baiskeli naiomba, mayi. Hiyo kweli nilikuwa natumwa nayo dukani tangu nikiwa mdogo, miguu haifiki pedali."

Sellah aliitaka baiskeli. Ndiyo iliyobeba mishumaa kwenda Endebess. Lakini alikuwa amepewa jambo kubwa mbele ya watu, na aliona aibu kuomba na dogo. Khaemba aliipanda jioni hiyo mpaka stendi, makoti ya nduguye yamefungwa nyuma, na kabla hajaondoka alinunua mishumaa minne ya kupeleka Bungoma, akailipia kama mtu wa nje.

Nasambu alirudi shuleni. Sellah hubeba mishumaa kichwani mpaka barabara ya Endebess, na huko hungoja gari. Kigoda kimebaki karibu na mlango wa chumba cha kazi, na Lenah hukikalia anapokuja. Kila mwaka, mwezi wa sita ukifika, gunia la makaa huletwa nyumba ile ya Kibomet kabla ya gunia la mahindi.